Fungate ya Burudani: Kitanda Mabegani

Mguu wa kulia wa Khairiya ulikuwa hewani, shibiri moja juu ya kizingiti. Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita: kengele ya moto yalia, moshi umejaa chumbani, na bibi harusi wa siku tano hajui akimbie au aungue.

Mlioapa kwamba atatoka, na mlioapa kwamba hatoki, sikilizeni basi.

"Rudisha mguu!" Bi Mwanarusi alipaza sauti. "Rudisha mguu, mwana wa watu, usituharibie!"

"Somo, moto!"

"Moto wapi? Huo ni udi wangu!"

Naam, udi. Bi Mwanarusi, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kitanda na chetezo chake, akifukiza leso za siku ya tano. Alitia udi, akatia ubani, akaona haitoshi, akatia tena. Moshi ukatoka dirishani ukapanda juu kama wa gari la moshi likikwea Mazeras. Bawabu wa kambi, mtu wa bara aliyefika pwani mwezi uliopita, hakuwahi kuona nguo zikitiwa moshi ili zinukie. Yeye aliona banda lateketea. Akaivamia kengele.

Khairiya akaurudisha mguu. Akaketi kitandani, akacheka hadi akashika mbavu. Wayo mmoja tu ungeshuka upande wa pili wa kile kizingiti, na vyumba viwili vya Bondeni vingekwenda na maji.

Maana masharti ya mama mkwe wake, Bi Mwanakuu, yalikuwa mafupi. Siku ile Athmani, mwanawe, karani wa bandarini Kilindini, alipokuja na tangazo la Kambi ya Burudani, kule Tudor, akasema fungate yake ataifanyia huko, nyumba nzima ya Mji wa Kale ilitikisika. Fungate kambini! Siku saba za maharusi baina ya bembea na watu waogeleao! Bi Mwanakuu hakupiga kelele. Alitafuna tambuu yake, akaitema, akasema:

"Haya, nendeni. Lakini fungate ni fungate. Somo atakwenda nanyi, na chakula kitatoka kwangu. Mkeo akitimiza siku saba, unyayo wake usikanyage chini nje ya chumba chake, mtahamia vile vyumba vya Bondeni mnavyovitamani. Akikanyaga, mtarudi kukaa nami, ghorofani, mlango wenu watazamana na wangu. Mpaka nife. Na kwetu hatufi upesi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mizanini. Na leo ni siku ya tano.

"Hodi!" Mlango ulisukumwa kabla hodi haijajibiwa.

Aliyeingia ni Dishon, msimamizi wa kambi, mrefu kama mnazi, ndoo ya mchanga mkononi. Nyuma yake alikuja Athmani mbio, chupa ya soda katika kila mkono, maana alikuwa ametumwa soda na mkewe.

Khairiya alijifunika leso usoni. Dishon alitafuta moto kitandani, akautafuta kabatini, akauona ndani ya chetezo. Ukubwa wake ulikuwa kama kunde.

"Hiki ndicho kimenikimbiza?"

"Ndicho," alisema Bi Mwanarusi. "Na mchanga wako usiutie humo, udi huo watoka Bara Hindi."

Dishon akaweka ndoo chini. "Sawa. Sasa twendeni mlingotini."

"Kufanya nini?" aliuliza Athmani. "Si umeona hakuna moto?"

"Kengele ikilia imelia, Bwana Athmani. Sheria ya kambi: wageni wote wasimame chini ya bendera, niwahesabu. Wa mabanda mengine wote wameshakwenda huko. Hili tu limebaki." Akafungua daftari lake, akainua kidole. "Banda nambari tisa, la maharusi. Watu wawili." Kidole kikahesabu chumbani. Kikahesabu tena. "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni somo."

"Somo ndiye mtu gani?"

"Somo si mtu. Somo ni kazi."

"Hiyo kazi inalala wapi?"

"Hapo." Bi Mwanarusi alionyesha mkeka nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kitandani.

Dishon akautazama mkeka. Akakitazama kitanda. Akamtazama Athmani kwa macho ya huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Siku tano, ndugu yangu?"

"Siku tano," alisema Athmani, na soda zikamlegea mikononi.

"Pole sana. Lakini banda la wawili ni la wawili. Meneja amekwenda mjini, atarudi adhuhuri. Akiwakuta watatu humu, wote mtalala nje ya lango. Mama huyu aende kwake."

"Niende kwangu?" Bi Mwanarusi alisimama, mikono kiunoni. "Nikienda, hapana fungate. Umewahi kuona merikebu ikaingia Kilindini bila rubani?"

Athmani aliguna, akataka kusema kwamba yeye aliijua njia. Akatazamwa na somo, akaziweka soda chini.

"Basi hameni," alisema Dishon. "Banda nambari mbili liko wazi, la jamaa. Vyumba viwili, kuta za mawe, mlango wa mbao. Jamaa wa Nairobi wameondoka asubuhi. Nitawaandika watatu, na mambo kwisha. Ila iwe sasa hivi."

Vyumba viwili! Mlango wa mbao! Macho ya Athmani yaliwaka. Kisha yakazimika, maana baina ya nambari tisa na nambari mbili palikuwa na uwanja mzima wa majani, na mkewe hakuwa na mabawa.

Nje watu walikuwa wakichekana mlingotini. Ndipo sauti nyembamba ikatoka ndani ya leso.

"Somo, nikuulize. Fungate ni nyumba au ni kitanda?"

Bi Mwanarusi alikunja uso. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo katika maharusi arubaini aliowasimamia. "Fungate," alisema polepole, "ni kitanda. Nyumba ni paa tu."

"Basi nibebeni."

Kitanda hicho hakikuwa cha kambi. Kilikuwa cha miti na kamba, chepesi, Khairiya alichopewa na mamake, kwa kuwa Bi Mwanarusi alikataa mwari wake alale juu ya chuma cha watu. Dishon akawaita watunza bustani wawili, Mung'aro na Chonga. Mwenyewe akashika pembe ya tatu, Athmani akashika ya nne. Khairiya akalala chali, na ili macho ya wanaume yasimwone, somo akamfunika shuka nyeupe, kutoka utosini hadi vidoleni.

"Usitoe sauti," alimwambia. "Aliyoisikia huyu bwana yatosha. Sauti ya bibi harusi haisikiwi na wanaume wa nje. Na usicheke!"

Kisha akakichukua chetezo, akatangulia mbele.

Msomaji, umeshaliona balaa? Wao hawakuliona.

Shuka ilikuwa na kitundu. Khairiya alitega jicho moja, akaiona Burudani kwa mara ya kwanza. Siku tano aliisikia tu ikicheka kupitia ukutani, kama mtoto mwenye surua asikiavyo Idi ya wenzake. Sasa ikampitia kando kwa kando: bembea za rangi ya samawati, uwanja wa kupiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie katika vishimo, kimoja kikiwa kinywani mwa mamba wa saruji, mashua za kasia zikiwa na viti viwili viwili, vya mke na mume, ukumbi wa dansi, meza za chai chini ya miavuli. Na mbele, limezungukwa na vigae vyeupe, birika la kuogelea. Maji yake yalikuwa ya buluu kama wino mpya. Tangu utoto hakupenda kitu kama maji.

Huko mlingotini, wageni wote wa kambi walikuwa wamepangwa safu mbili. Walikuwa wakitaniana. Mara mmoja akanyamaza, kisha wa pili, kisha wote.

Kutoka lile banda lililofuka moshi kilikuja kitanda cha kamba, kimebebwa mabegani na wanaume wanne, kimefunikwa shuka nyeupe, na chini ya shuka umbo la mtu. Mbele yake mwanamke mtu mzima alikuja na ubani ukifuka.

"Innaa lillahi," alisema mzee mmoja. "Ameungua maskini."

Huyo alikuwa Mzee Kamaludin, mwenye malori kule Shimanzi, aliyekuja kupumzika na wajukuu wake. Alivua viatu, akawapa wajukuu, akaja kwa haraka. Na kama ilivyo ada yetu, mtu apitiwapo na jeneza hasubiri kuulizwa. Alimgusa Athmani begani.

"Nipishe, mwanangu."

"Mzee, hapana, huyu si…"

"Najua. Ni uchungu. Nipishe nami nipate thawabu."

Athmani alijikuta amesukumwa nyuma kwa upole wa nguvu usio na jibu. Kufumba na kufumbua, wa pili akampokea Chonga, wa tatu akampokea Mung'aro. Walikuja wapishi na aproni zao. Walikuja madereva. Kila mmoja hatua tatu, ampishe mwenzake. Hata waliotoka kuogelea walijifunga taulo vizuri wakaingia foleni.

Pembe ya Dishon tu haikupokelewa, kwa kuwa hapana aliyelifikia bega lake. Kitanda kikaenda upande mmoja juu, upande mmoja chini.

"Jamani, sikilizeni!" Dishon alisema.

"Mashallah," alisema Mzee Kamaludin, "na huyu mwenzetu Mkristo hataki kumwacha. Ndio ujirani huo! Upesi, wanangu, maiti hacheleweshwi. Lori langu liko langoni."

Langoni! Banda nambari mbili lilibaki mkono wa kushoto, likawa dogo, likapotea.

Bi Zilpah, mke wa karani wa reli, akafuta machozi, akaanza wimbo wa kanisani. Wanawake wenzake wakampokea. Bi Mwanarusi akapiga kelele "Bibi harusi! Bibi harusi!" na watu wakazidi kulia, maana kifo cha bibi harusi kina uchungu mara mbili.

Na Khairiya je? Khairiya alishika kamba za kitanda kwa vidole kumi. Akisema, sauti itasikiwa. Akisema, watashtuka, watamwangusha, na unyayo utagusa chini. Bondeni! Alifumba macho, akaviona vyumba vile viwili, na dirisha linalotazama msikitini, na jiko lake mwenyewe ambalo hapana wa kumwambia chumvi imezidi. Akaapa hatasema, hata wakimpandisha lorini.

Pembeni mwa birika, njia inakuwa nyembamba. Walipofika hapo, teksi ikasimama langoni. Akashuka mwanamke wa buibui, sinia la chakula cha mchana mikononi, limefunikwa kawa.

Bi Mwanakuu.

Bawabu akamweleza kwamba banda la maharusi limeshika moto. Aliona kitanda. Aliona shuka. Aliona chetezo mkononi mwa Mwanarusi, na mwanawe Athmani nyuma, kanzu imechanika, akipiga kelele. Sinia likaanguka. Wali wa nazi ukatapakaa njiani.

"Khairiya!" alilia. "Khairiya wangu! Enyi watu, mwanangu!"

Chini ya shuka Khairiya alifumbua macho. Miaka miwili ya uchumba, mwanamke huyu hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "yule msichana."

"Nimemuua mimi!" Bi Mwanakuu alijipiga kifua. "Mimi na masharti yangu! Moto wawaka, naye hakutoka, kwa ajili ya neno langu! Lau ningejua! Ningempa hivyo vyumba! Ningempa Bondeni yote!"

Ungeweza wewe kunyamaza? Mtu akuliliaye hivyo, ukiwa mzima, unasikia?

Khairiya alikaa kitako, shuka na yote.

"Mama, nipo!"

Lahaula! Maiti amekaa! Mbeba pembe ya kwanza alikimbilia ukumbi wa dansi. Wa pili alipanda juu ya mamba wa saruji. Mzee Kamaludin, miaka yake sabini, aliruka ua. Akabaki Dishon peke yake na pembe yake moja, na kitanda cha watu wanne hakibebwi na mmoja, hata awe mrefu vipi. Kikainama. Khairiya akateleza kama chungwa siniani mwa muuzaji.

Chubwi!

Maji yakamfunika. Alikwenda chini, leso zikimzunguka kama maua. Kisha akaibuka, akapiga miguu, akalala chali juu ya maji, akaelea. Utotoni alikuwa akiogelea na shangazi zake, alfajiri, ufukweni, upande wa wanawake.

"Wanaume, geukeni!" Dishon alinguruma. "Wote! Na wewe uliye juu ya mamba!"

Wakageuka. Bi Zilpah akakimbilia ukingoni na taulo kubwa, akaitandaza kama pazia. Bi Mwanarusi na Bi Mwanakuu wakafika kwa pamoja, wakihema.

Bi Mwanakuu alimtazama mkwewe anayeelea. Alimtazama kutoka nywele hadi vidole, akahakikisha yuko mzima. Machozi yakakoma. Midomo ikajikunja. Mama mkwe akarudi mahali pake.

"Huyo yuko nje," alisema.

"Yuko majini!" Bi Mwanarusi alijibu papo hapo. "Sharti lilikuwa kukanyaga chini. Maji si chini."

"Na chini ya maji pana nini, Mwanarusi? Pana mbingu?"

"Hakugusa, mama!" Athmani alisema kwa sauti, mgongo umewaelekea. "Ameelea tangu mwanzo. Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako yako kisogoni?"

Athmani akajaribu mlango mwingine. "Lakini mama, si umesema mwenyewe, mbele za watu, kwamba utampa Bondeni yote?"

"Nilimpa maiti. Huyu yu hai."

Watu waliogeuka wakacheka migongo ikitikisika. Bi Mwanakuu hakucheka. Aliinamia birika, akashika ukingo wa vigae, uso wake ukawa karibu na uso wa Khairiya.

"Simuulizi somo wako," alisema kwa sauti ya chini. "Somo huuza maneno. Simuulizi mumeo, mumeo atasema lolote apate vyumba viwili. Nakuuliza wewe. Ulipozama, unyayo wako uligusa chini au haukugusa? Utakalosema ndilo."

Maji yalikuwa tulivu. Hapana aliyeona. Khairiya peke yake ndiye aliyejua ubaridi wa vile vigae, jinsi nyayo zake zote mbili, kulia na kushoto, zilivyotua sawasawa na kusukuma ili arudi juu. Neno moja dogo, "haukugusa," na jiko lake lilikuwa lake.

Nyuma ya taulo Bi Mwanarusi alikuwa akimtikisia kichwa: sema, mwana, sema! Athmani alikuwa ameinua kidole kimoja, akiomba.

Khairiya alimtazama mama mkwe wake. Kope za Bi Mwanakuu zilikuwa bado na maji ya machozi.

"Uligusa, mama," alisema. "Zote mbili."

Athmani alikaa chini juu ya majani kama mtu aliyekatwa kamba.

Bi Mwanakuu akanyoosha mkono, akamshika Khairiya kifundo cha mkono, akamvuta ukingoni. Akamfunga taulo mwenyewe, akamkaza kidevuni kama mtoto.

"Ungenidanganya," alisema, "ningejua machoni mwako, na leo ungelala kwangu ghorofani, na kesho, na kesho kutwa. Umesema kweli. Basi sikiliza. Fungate iliyovunjika huanzwa upya. Siku saba nyingine, kuanzia leo. Ukizitimiza, vyumba vya Bondeni ni vyako, na jiko nitakununulia mimi."

Bi Mwanarusi akapiga kigelegele kilichoamsha watoto wote wa kambi. Athmani aliruka juu, akaukumbatia mguu wa Dishon, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

"Nyamazeni, sijamaliza." Bi Mwanakuu alivua viatu vyake, akavipanga kando ya birika. Alichovya kidole kimoja cha mguu majini, kana kwamba anaonja mchuzi. Kisha akatazama huku na huku, taratibu: zile mashua, ile miavuli, yule mamba, zile meza za chai zilizotandikwa vitambaa.

"Bwana mrefu," alimwita Dishon. "Wanawake huoga humu saa ngapi?"

"Saa tisa mpaka saa kumi na moja, mama. Kila siku."

"Na hilo banda la jamaa, lina chumba cha pili?"

Athmani akaacha kurukaruka.

"Kipo, mama," alisema Dishon, na daftari likafunguka lenyewe mkononi mwake. "Kinapakana na cha maharusi."

"Vizuri. Fungate hii ya pili nitaisimamia mwenyewe. Andika: Mwanakuu binti Abdulhalim."

Dishon akaandika. "Siku ngapi, mama?"

"Andika saba," alisema Bi Mwanakuu, akiingiza mguu wa pili majini. "Na mbele yake uache nafasi."